UZI: Punguzo la kodi kwa filamu za nje, nani alipwe na nani asilipwe

Wakuu, salaam.

Kila baada ya muda humu huibuka hoja kwamba Tanzania na Kenya zinapoteza mabilioni kwa kutokuwa na punguzo la kodi la maana kwa filamu za nje. Basi watu huanza kutupiana asilimia ya gharama ambayo serikali humrudishia mtayarishaji: Morocco 30, Mauritius 30 mpaka 40, Malta 40. Mimi kazi yangu ni hesabu za uzalishaji wa filamu na matangazo, kwa hiyo jambo hili nakutana nalo kwenye bajeti na risiti. Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kubishana abishane nao: punguzo tunalihitaji, ila halimstahili kila anayeshuka uwanja wa ndege na kamera, na likitungwa vibaya ni heri tusiwe nalo kabisa.

Tuanze na simba wa Tsavo. Mwaka 1898, reli ya Uganda ikijengwa, simba wawili waliwala vibarua wa daraja la mto Tsavo, wengi wao Wahindi. Mto ni wa Kenya, daraja ni la Kenya, kisa chote ni cha Kenya. Hollywood walipokitengenezea filamu, The Ghost and the Darkness ya 1996, walikwenda kushuti Afrika Kusini, kwenye hifadhi ya Songimvelo, na sababu iliyotajwa ni sheria za kodi. Wengi wa waliocheza Wamasai mle ni waigizaji wa Afrika Kusini.

Hiyo haikuwa mara moja. Eye in the Sky ya 2015 inasimulia shambulio la droni Eastleigh, Nairobi. Ilishutiwa Afrika Kusini. Hotel Rwanda ya 2004, sehemu kubwa Johannesburg. The Good Lie ya 2014 inahusu vijana wa Sudan waliokulia kambi ya Kakuma, Turkana. Upande wa Afrika ukarekodiwa Afrika Kusini, na upande wa Marekani, ambao kwenye hadithi ni Kansas City, ukarekodiwa Atlanta. Captain Phillips ya 2013 inahusu meli iliyotekwa 2009 ikielekea Mombasa. Sehemu kubwa ya baharini ilifanyiwa Malta. Angalieni hayo majina ya mahali: Afrika Kusini, Atlanta, Malta. Kote huko serikali inarudisha sehemu ya gharama.

Na msidhani ni Afrika tu inayohamishwa. Breaking Bad iliandikwa ikiwa hadithi ya Riverside, California. New Mexico wakati ule walikuwa wanarudisha asilimia 25 ya matumizi, mradi ukahamia Albuquerque na hadithi ikaandikwa upya iwe ya Albuquerque. Leo ukiitaja tamthilia ile mtu anaona jangwa la New Mexico, na watalii wanakwenda kupiga picha nje ya nyumba za watu. Mwaka 2013 jimbo likapandisha kiwango mpaka 30 kwa tamthilia za televisheni, na 2018 Netflix wakanunua studio za pale. Kwa hiyo anayesema asilimia hazihamishi kamera, anakosea.

Sasa pesa yenyewe inavyotembea, maana hapa ndipo wengi wanapotea.

Mmewahi kukaa mpaka majina yaishe kupita mwisho wa filamu? Kwenye filamu nyingi za Marvel za miaka kumi iliyopita, na kwenye The Walking Dead, inatokea alama ya tunda la pichi yenye jina la Georgia. Kwa sheria ya jimbo hilo ya 2008, ukitumia kuanzia dola 500,000 unapata punguzo la asilimia 20, na ukiweka tangazo la jimbo, yaani ile pichi, unaongezewa 10. Tunda dogo linalopita sekunde chache kwenye kioo lina thamani ya asilimia 10 ya bajeti iliyotumika pale.

Tuseme kampuni imetumia dola milioni 10 zinazokubalika. Inapewa hati ya punguzo la kodi ya dola milioni 3. Lakini kampuni yenyewe imesajiliwa kwa ajili ya filamu hiyo moja, haina faida Georgia, haidaiwi kodi ya kufikia huko. Basi hati inauzwa. Mnunuzi ni kampuni au tajiri yeyote anayedaiwa kodi na jimbo. Tuseme anainunua kwa senti 88 kila dola: anatoa 2,640,000 na kufuta deni la kodi la milioni 3. Filamu imepata fedha taslimu, mnunuzi amebaki na 360,000, na hazina ya jimbo imekosa milioni 3 kamili. Ile 360,000 haikumlipa fundi taa wala dereva. Imelipa njia ya kupitishia pesa tu.

Faida hata hivyo wameipata. Studio kubwa ya Fayetteville, ambayo leo inaitwa Trilith, ilifunguliwa 2014. Tyler Perry akazindua studio zake 2019 kwenye iliyokuwa kambi ya jeshi Atlanta, ekari 330. Wakanda ya filamu ya Black Panther, nchi ya kubuni inayowekwa huku kwetu Afrika Mashariki, kwa sehemu kubwa ilijengwa Atlanta. Jimbo lilitangaza kwamba mwaka wa fedha wa 2022 filamu na televisheni zilitumia pale dola bilioni 4.4. Kuna mafundi seremala, washonaji na madereva wa malori waliosomesha watoto kwa kazi hii, na siwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba programu haina maana.

Ila ukaguzi wa jimbo wa 2023 ulionyesha kwamba kwa kila dola inayotolewa, hazina inarudishiwa senti 19 hivi kwa njia ya kodi. Na Georgia hawana ukomo wa mwaka. Wakija wengi, bili inapanda. Marekani ni tajiri, inaweza kuamua kulipia ajira kwa bei hiyo. Sisi tunaokopa kujenga zahanati lazima tuulize mara mbili.

California, kwao Hollywood kwenyewe, walianza 2009 kwa dola milioni 100 kwa mwaka ili kazi zisikimbie, 2014 wakafika milioni 330, na 2025 wakapandisha mpaka milioni 750. Yaani wenye nyumba wanalipa ili wageni wasiwachukulie watoto. Lakini wana jambo moja ninalolipenda sana: mishahara ya waigizaji nyota, mwongozaji na mwandishi haihesabiwi. Punguzo linapigwa kwenye malipo ya mafundi na wafanyakazi wa chini na gharama za kazi. Nyota akilipwa milioni 20, ni zake na studio, serikali haimo.

Michigan ndiyo nataka kila mbunge aisome. Mwaka 2008, viwanda vya magari vikiyumba, jimbo likaweka punguzo la mpaka asilimia 42, kubwa kuliko yote Marekani, na lilikuwa la kulipwa taslimu. Nyota wakaja Detroit. Studio ikajengwa Pontiac kwenye majengo yaliyokuwa ya General Motors, kwa hati fungani zilizodhaminiwa na mfuko wa pensheni wa watumishi wa jimbo. Disney walishuti pale Oz the Great and Powerful na kurudishiwa takriban dola milioni 40. Gavana mpya alipoingia 2011 akaona moto, akaweka ukomo wa milioni 25 kwa mwaka, kazi zikaondoka mara moja, studio ikashindwa kulipa deni na mfuko wa wastaafu ukalazimika kulipa. Programu ikafutwa 2015. Hebu fikirini mifuko yetu ya pensheni, PSSSF au NSSF, ikidhamini studio Bagamoyo halafu wageni wahamie Mauritius.

Iowa ilikuwa fupi na ya aibu zaidi. 2009 programu ilisimamishwa baada ya kubainika kuwa magari ya kifahari yamenunuliwa na kuhesabiwa kama gharama za filamu, na kesi za jinai zikafuata.

Sasa kwetu. Swali ambalo halijibiwi kwenye mijadala hii ni moja: huyu anayeomba punguzo, angeweza kwenda kwingine?

Nyumbu wanaovuka Mto Mara hawapo Georgia. Kreta ya Ngorongoro haijengwi studio. Sokwe wa Gombe hawahamishwi. Kampuni inayotengeneza makala za wanyamapori itakuja Serengeti na Maasai Mara kwa sababu haina pa kwenda. Ukimpa huyo asilimia 30, umemlipa mtu aje mahali ambapo alikuwa anakuja kwa pesa yake. Hiyo ni hasara kavu, na kwa nchi zetu ndiyo hasara kubwa kuliko zote, maana sehemu kubwa ya kamera za nje zinazoingia huku zinafuata wanyama na mandhari. Kinachowauma hao ni vibali vya ofisi tano, na vifaa kukaa forodhani vikisubiri dhamana ya kuingizwa kwa muda. Wapeni kibali kimoja kwenye dirisha moja na siku zinazojulikana, watashukuru kuliko punguzo. Na tusiwatishe bila sababu: marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya Tanzania yaliyowataka wageni waache nakala ya picha ghafi yalizua maswali mengi kwa watu wa kazi hii, kwa sababu picha ghafi kwa mtayarishaji ndiyo mali yenyewe.

Mteja wa punguzo ni mwingine. Ni mtu mwenye skripti inayosema "mji wa pwani, Afrika Mashariki", na mezani ana Stone Town, Lamu, Mauritius na Cape Town. Huyo anaweza kwenda popote, na anakaa miezi mitatu, na anahitaji mafundi mia na hamsini. Huyo ndiye wa kumshawishi.

Hata kwa huyo, tazama bajeti yake kwa karibu. Mistari ya juu yote, mwongozaji, nyota, haki za hadithi, bima, kukodi kamera na lenzi, huwa imelipwa nje kabla ndege haijatua. Kinachobaki huku ni magari na madereva, hoteli, dizeli ya jenereta, walinzi, mafundi umeme, seremala, washonaji, chakula, ekstra na vibali. Na hapo kuna jambo mtu hawezi kulijua mpaka aziandae hesabu mwenyewe. Hoteli ina mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, na risiti yake inapita kwa mkaguzi bila swali. Mama anayepikia watu themanini chini ya turubai kuanzia saa kumi alfajiri hana EFD. Mzee aliyekodisha ng'ombe wake thelathini wapite nyuma ya mwigizaji hana TIN, yaani namba ya mlipakodi. Boda aliyekwenda mjini kufuata betri hana chochote zaidi ya ujumbe wa M-Pesa. Mkaguzi akishika kalamu, hao wanakatwa wa kwanza. Mtayarishaji mwerevu, akijua hivyo, safari ijayo atachukua chakula kwa kampuni kubwa ya mjini na kumwacha mama. Punguzo lililotungwa kusaidia wananchi linaishia kuwaondoa kwenye kazi. Dawa ipo na ni rahisi: kanuni zikubali fomu ya malipo yenye namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, pamoja na taarifa ya muamala wa simu, kwa malipo chini ya kiwango fulani. Lazima iandikwe kwenye kanuni tangu mwanzo, vinginevyo mkaguzi hana uwezo wa kuikubali hata akitaka.

Jambo la pili ni kulipa kwa wakati. Afrika Kusini walikuwa na mfumo ulioanza 2004 na ukaijenga Cape Town kweli kweli. Mwanzoni mwa 2025 wafanyakazi na watayarishaji wa kule waliandamana kwa sababu ya malipo yaliyokwama na maombi yasiyopitishwa. Asilimia 25 kwenye karatasi, huku mtayarishaji amekopa benki akitegemea hiyo pesa na riba inakimbia kila mwezi. Kwetu, ucheleweshaji wa marejesho ya VAT ni malalamiko ya wafanyabiashara ya miaka mingi. Mgeni akiuliza hilo tu kwa mwanasheria wake wa Dar, asilimia 30 yetu kwenye hesabu yake itakuwa 10 au sifuri.

Kwa hiyo ningepewa kalamu, ningeandika hivi. Marejesho ya fedha taslimu, hakuna hati za kuuziana. Fedha itengwe kwenye mfuko wa peke yake kabla mradi haujakubaliwa, na ukomo wa mwaka utangazwe, ikiisha imeisha. Ilipwe ndani ya siku 90 baada ya ukaguzi. Mishahara ya wakazi ihesabiwe kwa kiwango cha juu, gharama nyingine kwa kiwango cha chini, malipo ya nyota yasihesabiwe. Makala za wanyamapori na matangazo zisiwemo. Kila idara kwenye seti, kamera, sauti, taa, sanaa, iwe na Mtanzania anayefundishwa kwa mshahara, kwa jina, na mwisho wa kazi jina lake lipite kwenye skrini. Mpango ufe wenyewe baada ya miaka mitano, bunge liufufue likisharidhika na taarifa ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, iliyowekwa hadharani. Naomba mnirekebishe hapo kwa hoja.

---

Nimerudi, naona maswali. Najibu kwa pamoja.

Mkuu uliyesema Royal Tour, ile filamu ya Rais Samia ya kuitangaza Tanzania, ilileta watalii bila punguzo lolote: ni kweli ilirekodiwa 2021, ikazinduliwa Aprili 2022, na ilifanya kazi yake. Lakini ile ni serikali kujitangaza, kipimo chake ni watalii. Mimi nazungumzia fundi taa wa Sinza kuwa na kazi miezi minane kwa mwaka. Royal Tour moja haimjengi huyo. Filamu pia huleta wageni, sikatai, Hatari! ilirekodiwa upande wa Arusha kabla ya uhuru, na mmoja wa waigizaji wake, Hardy Krüger, akanunua shamba Momella akakaa. Ila mtalii tusimhesabu mara mbili, mara kwenye bajeti ya utalii na mara kwenye kutetea punguzo la filamu.

Dada uliyeuliza Bongo Movie inapata nini: ukiweka kiwango cha chini cha dola 500,000 kama Georgia, haipati kitu, na hapo nakuunga mkono kwa asilimia zote. Waingereza wameliona hilo. Filamu kubwa kwao hupata asilimia 34, lakini filamu za bajeti isiyozidi pauni milioni 15 zimewekewa asilimia 53. Afrika Kusini nao waliweka 50 kwa watayarishaji weusi wanaochipukia. Sisi dirisha la ndani lianze kwenye matumizi ya shilingi milioni 50, kwa sharti la mikataba ya maandishi na malipo yanayoonekana. Waigizaji wetu wengi hawana mkataba hata mmoja kabatini. Sharti hilo peke yake litawasaidia kuliko pesa yenyewe. Na msisahau tumewahi kwenda kinyume: 2013 tulibandika stempu za kodi kwenye kila CD na DVD ya filamu ya ndani tukitarajia kukomesha wizi, na wizi ukahamia kwenye flashi.

Aliyesema "tuwape tu wanachotaka, tutadhibiti baadaye": 2010 New Zealand waliambiwa filamu za The Hobbit zinaweza kuhamishwa kwa mgogoro na waigizaji. Waziri Mkuu akakutana na wakubwa wa Warner Bros., na ndani ya siku chache bunge likabadilisha sheria ya kazi na serikali ikaongeza punguzo. Nchi yenye taasisi imara kuliko zetu ilifanyiwa hivyo. Baadaye hakuna kudhibiti.

La mwisho, Mkenya aliyeandika kwamba Nairobi watatupiku kwa kupandisha asilimia. Hapo ndipo naogopa zaidi. Kenya walishawahi kuweka msamaha wa VAT kwa kazi za filamu kwa mapendekezo ya Tume ya Filamu, na mafundi wao wa sauti na kamera wametuzidi, niseme ukweli. Tukianza kupandishiana, atakayefurahi ni mtayarishaji wa nje anayepiga simu Dar asubuhi na Nairobi mchana. Queen of Katwe ya 2016 ilishutiwa Kampala, na sehemu nyingine ikapelekwa Johannesburg. Sehemu ile ya Johannesburg ingeweza kufanyiwa Nairobi au Dar kama matumizi ya nchi moja ya Jumuiya yangehesabiwa kwenye nchi nyingine kwa kiwango kimoja, na kama fundi wa Kampala angeingia Dar kufanya kazi bila kibali cha kazi cha ada ya mgeni. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya 2004 tunayo moja, kwa hiyo kamera iliyoingilia Entebbe haina sababu ya kuwekewa dhamana mpya Namanga. Kama kuna mtu humu amewahi kuvusha vifaa mpakani kwa mradi wa nchi mbili, tafadhali aweke hapa karatasi alizodaiwa na muda ilivyochukua, nianze kuandaa mchanganuo wa kupeleka kwa wadau.